Mazoea ya Sala

Mwanadamu huishi kwa mazoea zaidi kuliko anavyokubali. Huamka saa ile ile, hunawa uso bila kufikiri, hushika jembe kwa mkono ule ule, na hupita njia ile ile iendayo shambani hata majani yakakoma kuota chini ya nyayo zake. Hapana amlaumuye kwa hayo. Mama apikaye uji kila asubuhi haambiwi kwamba upendo wake umekufa kwa sababu uji wa leo ni kama wa jana. Wala mwalimu aingiaye darasani kila siku haitwi mnafiki kwa sababu kengele ndiyo iliyomwita. Lakini habari ya sala ikitajwa, hukumu hugeuka. Watu wengi, na baadhi yao ni Wakristo wema, husema kwamba sala ya kila siku, yenye saa yake na maneno yake, ni jambo la kutiliwa shaka. Kwamba sala ya kweli ni ile ibubujikayo yenyewe moyoni, na mtu akiifanya ada ameiua. Nia ya makala haya ni kulipima neno hilo. Nitalipima katika nchi ya Kilosa na Mikumi, kwa kuwa nchi hiyo imeona mambo yanayolipa uzito, na kwa kuwa swali la maadili hufahamika vizuri zaidi likisimama juu ya ardhi yenye jina.

Haki yataka tuusikilize kwanza upande unaokataa. Hoja yake ya kwanza imetoka katika Injili yenyewe. Yesu aliwaonya wanafunzi wake juu ya wale wasalio hadharani ili watazamwe, na juu ya wale wadhanio kwamba watasikiwa kwa wingi wa maneno. Hoja ya pili imetoka katika maarifa ya maisha. Kitu kirudiwacho sana hupoteza makali; kisu kitumiwacho bila kunolewa huwa butu, na neno litamkwalo kila siku hupita midomoni bila kugusa moyo. Wahenga walisema kwamba mazoea yana taabu. Hoja ya tatu ni nzito kupita hizo mbili, nayo ni historia.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya humo watu waliokombolewa katika utumwa, wengi wao watoto. Maisha ya mahali pale yalikwenda kwa kengele: kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya kazi, kengele ya chakula na kengele ya kulala. Kutoka pwani mapadre hao waliingia bara, wakafika Mhonda mwaka 1877, na baadaye wakaishukia nchi ya Kilosa. Kwa njia nyingine, ile ya misafara iendayo Mpwapwa, walipanda wamisheni wa Kiingereza wa chama cha CMS, wakaweka kituo Mamboya katika Ukaguru yapata mwaka 1880, wakati bendera ya Wajerumani haijapandishwa bado. Na baadaye kazi yao ikaenea hata Berega. Basi Ukristo wa nchi hii ulifika mkononi mwa watu waliopenda saa na utaratibu. Yafuata swali lisilokwepeka: mtu aliyefunguliwa minyororo jana, akaamshwa leo kwa kengele ili akasali, je, alisali kwa hiari? Na baada ya misheni yalikuja mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko, na kazi ya kipande iliyohesabu siku za mtu moja moja. Nchi iliyozoea kuamshwa kwa amri ina haki ya kuitazama kengele yoyote kwa jicho la shaka.

Hoja hizi si za kudharauliwa. Ajibuye kwamba wazee walisali hivyo, basi na sisi tusali hivyo, hakujibu neno. Yatupasa kuuliza mazoea ni kitu gani, na tofauti yake na amri iko wapi.

Amri hutoka kwa mwingine. Bwana wa shamba hupiga kengele kwa sababu yeye anataka, na mtumishi huinuka kwa sababu anaogopa. Siku bwana akiondoka, mtumishi hulala mpaka jua liwake. Mazoea ya hiari yana asili nyingine. Mtu mmoja, katika saa ambayo akili yake imetulia na moyo wake ni mwema, huona kwamba jambo fulani ni la haki na la kufaa. Lakini anajijua, anajua kwamba kesho atakuwa mchovu, kesho kutwa atakuwa na hasira, na mtondo atakuwa na wageni. Kwa hiyo anaamua leo kwa ajili ya siku hizo zote. Mazoea mema ni ahadi ambayo saa njema ya mtu imeiwekea saa yake mbaya. Kengele ipo, walakini mpigaji wake ni yeye mwenyewe. Tukisema kwamba mtu huyu hana uhuru kwa kuwa anaifuata ahadi yake, itatubidi kusema vile vile kwamba mume aliye mwaminifu kwa mkewe hana uhuru, na kwamba mlevi anayekwenda kila apepeswako na kiu ndiye mtu huru. Hapana mwenye akili asemaye hivyo.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, kama vile mjenzi awavyo mjenzi kwa kujenga. Hakufundisha kwamba mtu angoje kwanza ajisikie kuwa mwenye haki. Wangojao moyo ububujike ndipo wasali hufanya kosa hili la kungoja. Ni kweli kwamba katika milima ya Ukaguru na Rubeho maji hububujika yenyewe, wala hakuna mtu awezaye kuifanya chemchemi. Lakini maji hayo hayafiki katika bustani ya mboga kwa kupenda kwake. Hupotea majanimwituni isipokuwa mtu amechimba mfereji. Mfereji hauna maji yake wenyewe, na wakati wa kiangazi huonekana kama kazi ya upumbavu. Bali siku maji yatokapo, mwenye mfereji ndiye mwenye mboga.

Mkristo wa Kilosa hana haja ya kwenda mbali atafute mfano. Jirani yake Mwislamu huitwa mara tano kila siku, na mwito wa kwanza humwinua kitandani kungali na giza. Mkristo aulalaye usingizi huku akiusikia mwito huo, kisha akasema kwamba saa za sala ni mzigo usiochukulika, amejibiwa tayari na nyumba ya pili. Na mila yake mwenyewe yamjibu pia. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku katika nchi ya ugeni. Watawa wa Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, waliigawa siku yao kwa nyakati za sala, wakainuka hata usiku. Thomas Cranmer alipotoa Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza mwaka 1549, alizikusanya nyakati zile nyingi zikawa mbili, asubuhi na jioni, na huo ndio urithi waliouleta wamisheni wa Mamboya. Wakatoliki wana kengele ya Malaika wa Bwana mara tatu kutwa. Wamoravia wamechapa kitabu chenye neno la kila siku tangu mwaka 1731. Makanisa haya yaligombana juu ya mambo mengi. Juu ya jambo hili hayakugombana.

Tukubali, hata hivyo, kwamba mwanadamu kwa asili huelekea aina nyingine ya sala, ndiyo sala ya shida. Zamani tambiko lilifanywa mvua ikikawia au ugonjwa ukizidi, na wengi waliobatizwa wamebadili maneno tu, wakayaacha majira yale yale. Huomba mtoto akiwa na homa, husahau homa ikipoa. Sala ya shida si dhambi. Mungu hamfukuzi aliaye. Lakini mtu ambaye hajui njia iendayo kwa rafiki yake isipokuwa siku ya kukopa, huona aibu siku hiyo, tena hupotea njiani.

Mto Mkondoa waweza kutufunza hapa. Mto huu hushuka kutoka milimani, ukapita Kilosa mjini na kujiunga na Wami. Tuta lilijengwa kando yake ili kuulinda mji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mvua zilinyesha kwa nguvu, tuta likabomoka, maji yakaingia katika nyumba za watu, reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe ikachukuliwa na treni zikasimama. Maelfu ya watu wakapoteza makao yao, na wengi wakaishi katika mahema. Sisemi kwamba sala ingaliyazuia maji. Waliosali na wasiosali walipoteza magodoro yao kwa usawa, na asemaye vinginevyo humsingizia Mungu na huwatukana maskini. Nasema jambo dogo kuliko hilo. Tuta hujengwa wakati wa kiangazi. Nalo haliharibiki siku ya mafuriko tu. Huharibika kidogo kidogo, kwa miguu ya wapitao na kwato za ng'ombe, katika siku ambazo hakuna aliangaliaye kwa kuwa mto umelala. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vivyo hivyo, mtu akaaye hemani, ambaye hana kitu mkononi, hawezi kuanza siku ile kujifunza jinsi ya kunyamaza mbele za Mungu, jinsi ya kulalamika bila kukufuru, na jinsi ya kugawana blanketi bila kuhesabu. Hayo ama aliyaleta, ama hanayo.

Lakini kuna jambo la kutisha zaidi kuliko mafuriko, nalo latulazimisha kuuliza mazoea haya yana faida gani kwa mtu mwingine asiye mwenye kusali. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Chanzo kilikuwa ardhi, malisho, maji, mazao yaliyoliwa na haki iliyokawia. Mambo hayo yana dawa yake katika sheria, katika mipaka iliyopimwa na katika viongozi wasiopokea rushwa. Anayeleta sala mahali pa haki huifanya sala kuwa kifuniko cha dhuluma. Hata hivyo kuna sehemu ya ugomvi ambayo sheria haiifikii, nayo ni kile kinachosemwa nyumbani jioni.

Maana chuki nayo ni mazoea. Haizaliwi katika siku moja. Ina saa yake, aghalabu baada ya chakula cha usiku. Ina maneno yake yasiyobadilika, kwamba wale walitufanyia hivi, na watu wale ndivyo walivyo. Ina orodha ya majina isomwayo mara kwa mara. Na watoto hukaa kimya wakajifunza. Ni ibada kamili, haikosi kitu ila Mungu. Mkulima anayo yake, na mfugaji anayo yake. Sasa, ikiwa chuki husaliwa kila jioni na upendo husaliwa Jumapili tu, ni nani ashangaaye kwamba chuki ndiyo ishindayo? Ni siku saba kwa moja. Hapa ndipo nionapo uzito wa suala letu. Mkristo amefundishwa kuomba mkate wa siku hiyo na kusamehewa kama yeye asamehevyo. Maombi hayo mawili yamefungwa pamoja, na la kwanza ni la kila siku. Akiyaomba kila jioni kwa kweli, mahali pale pale ambapo uchungu hupigiwa hadithi, italazimu mojawapo liondoke. Atalitaja jina la jirani yake kama deni la kusamehewa, au ataacha kusali. Hawezi kuendelea na ibada mbili katika saa moja bila kujua.

Kwa hiyo kipimo cha mazoea ya sala kiko nje ya sala. Si machozi, si urefu wa maneno, wala si utamu wa moyo. Kipimo ni kwamba deni la dukani limelipwa, kwamba ng'ombe walioingia shambani wametolewa bila kukatwa kwa panga, kwamba mke amesikilizwa na mfanyakazi amepewa ujira wake mwisho wa mwezi. Ikiwa mtu amesali miaka ishirini na hayo hayakuguswa, basi wakosoaji walisema kweli juu yake: kisu chake ni butu. Lakini dawa ya kisu butu ni kinoo. Hakuna akitupaye kisu kwa sababu jana hakikukata.

Imebaki kusema mazoea haya hujengwaje, na hapa maneno machache yatosha, maana jambo ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Jambo la kwanza ni udogo. Aanzaye kwa saa nzima huacha kabla ya mwezi kwisha. Aanzaye kwa dakika tano, akazilinda, huenda mbali. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la pili ni kuifunga sala na kitu ambacho tayari hutendeka. Mkulima wa Kilosa ana alfajiri yake, naye aweza kusali kabla ya kushika jembe. Lakini Mikumi ina maisha ya namna nyingine. Mji ule uko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hata Zambia, ubavuni mwa hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Humo wamo madereva wa malori, wapishi, watumishi wa nyumba za wageni na askari wa wanyamapori, na wengi wao hufanya kazi usiku na kulala mchana. Kuwaambia hawa wasali jua lichomozapo ni kuwaambia wasisali. Dereva na aifunge sala yake na ufunguo wa gari, mpishi na aifunge na moto wa kwanza, mlinzi na aifunge na kukabidhi zamu. Barabara ile hupita katika hifadhi mwendo wa kilomita 50 hivi, na imewekewa matuta ili magari yapunguze mwendo wanyama wasigongwe. Dereva apunguzaye mwendo penye tuta tu hajawa mwangalifu bado. Anaziogopea springi zake. Siku atakapopunguza mwendo mahali pasipo tuta, kwa kuwa jicho lake limezoea kumtazamia mnyama gizani, ndipo tuta limemaliza kazi yake. Saa ya sala nayo ni tuta la namna hiyo. Imewekwa ili mtu ajifunze kuwa mwangalifu katika saa zote zilizobaki.

Jambo la tatu ni maneno. Yafaa mtu awe na maneno aliyopewa na maneno yake mwenyewe. Maneno aliyopewa, kama zaburi na sala za Kanisa, humchukua siku akili imechoka; ni kama fimbo kwa mzee apandaye mlima. Biblia ya Kiswahili ya Umoja, iliyotolewa mwaka 1952, imewapa watu wa kabila nyingi fimbo moja. Lakini Mkaguru, Msagara au Mvidunda asione aibu kumaliza sala yake katika lugha ya mama yake. Yako mambo ambayo mtu huyakiri katika lugha aliyolilia utotoni tu. Baada ya maneno na awe na kimya kidogo, aulize nafsi yake leo amemdhulumu nani.

Jambo la nne ni kustahimili ukavu. Zitakuja siku, pengine miezi, ambazo sala itakuwa kama kutafuna makapi. Huo si ushahidi kwamba Mungu ameondoka, wala kwamba asaliye ni mnafiki. Mnafiki husali ili aonekane. Asaliye peke yake katika ukavu, bila malipo ya mtu wala ya moyo, yuko mbali na unafiki kuliko alivyokuwa siku za furaha yake. Na akiikosa siku moja, asiilipe maradufu kama mtu aliyetozwa faini, wala asiache yote kwa aibu. Na aanze tena kesho pale pale. Mzazi aitiaye watu wa nyumbani mwake katika sala ajihadhari pia asiwe bwana wa shamba mwenye kengele. Mtoto alazimishwaye kusali kwa fimbo atajifunza fimbo. Mtoto amwonaye baba yake akipiga magoti, kisha akamwona akimwomba jirani msamaha, amejifunza sala.

Turudi katika hukumu tuliyoanza nayo. Wasemao kwamba mazoea huua moyo wamesema nusu ya kweli. Mazoea yaliyoletwa na amri peke yake huua moyo, na mazoea yasiyozaa tendo yameufunika moyo uliokwisha kufa. Bali moyo ulioachwa bila mazoea hauishi kwa uhuru kama wanavyodhani. Hukaliwa na mazoea mengine ambayo hakuna aliyeyachagua, nayo aghalabu ni manung'uniko, woga na kisasi. Nafasi haibaki tupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na atakaye amani na jirani yake kesho sharti ainame leo, na jana, na juzi, katika siku ambazo mto umelala na hakuna ng'ombe aliyeingia shambani.